Wimbo wa Mwenye Ndevu

Spika za kanisa la Northfield zilikoroma kwanza, kisha gitaa likaanza kukwaruza, na mikono ya wazee wote waliokuwa mbele yangu ikaenda juu. Wakafumba macho. Jeneza la rafiki yangu Maureen lilikuwa hatua chache kutoka nilipoketi, limefunikwa maua ya njano, na sauti iliyojaa kanisani ilikuwa yangu mwenyewe, sauti ya msichana wa miaka ishirini akiimba kwa Kiswahili kutoka kwenye santuri ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka arobaini na mitano. Hodan, jirani yangu wa Newtown, Msomali aliyelelewa Nairobi na kupitia Uholanzi kabla ya kuangukia hapa Birmingham, alikuwa amenisindikiza. Alisikiliza beti mbili kwa adabu, mikono mapajani, kisha nikaona ushungi wake unatikisika. Akaniinamia sikioni. "Mama Peter, ngoja kwanza. Hii ni wimbo ya Mungu kweli? Si huyu msichana anatusi mtu?" Nikamwambia, "Anatukana. Nyamaza." Akauliza, "Anatusi nani?" Nikamwonyesha kwa kidevu mzee aliyesimama karibu na mimbari, ndevu nyeupe zimemfika kifuani, machozi yanamtoka, akiitikia kwa lafudhi mbaya kuliko wenzake wote: *Mwenye ndevu, mwenye ndevu, nirudishie.* Hodan akajifunika uso mpaka wimbo ukaisha, na waliokuwa nyuma yetu wakadhani analia.

Huyo mzee ndiye Clive. Watu wa dini wameniambia mara nyingi nimsamehe, nami nimewajibu mara nyingi waniache. Siandiki haya ili nipone. Naandika kwa sababu mwaka ule wa 2018, baada ya kumzika Maureen, walitaka kuniibia kitu kilekile mara ya pili. Tulikuwa kwenye chai ya mazishi, sandwichi za mayai na keki kavu, aliponijia kijana mmoja aitwaye Ollie, mwenye begi la kitambaa na heshima nyingi kupita kiasi. Kampuni yake ilikuwa inatoa upya santuri za zamani zilizosahaulika, na yetu, alisema, alikuwa ameitafuta tangu ujana: roki ya saikedeliki, ile ya enzi za bangi, ila ya Kikristo, iliyorekodiwa katika nyumba moja ya Hockley, hapahapa Birmingham, na vijana wa Yesu wenye nywele ndefu, nakala mia tu. Wimbo wangu ndio uliokuwa ukipendwa kuliko zote. Akatoa rasimu ya kijitabu kitakachoambatana nayo. Kilisema: *Sifa za Afrika. Maneno na muziki: Clive, kama alivyopewa na Roho. Sauti: dada Mwafrika.* Chini yake kulikuwa na tafsiri ndefu, Bwana wa Nuru njoo, Bwana wa Nuru utujaze, na maelezo kwamba "Mwenye Ndevu" ni jina la kale la Mungu huko pwani ya Kenya. Nilikuwa natakiwa kutia sahihi tu. Nikamwambia sitii. Nilitaka kitu kimoja: maneno yangu yaandikwe kama nilivyoyasema, na jina langu liwe juu yake. Akafurahi kama mtoto. "Kwani ulisema nini?" akauliza, nami nikamwambia aje nyumbani kwangu, na amlete Clive.

Niliishi katika nyumba ile ya Hockley kuanzia Septemba 1972 hadi Juni iliyofuata. Nilikuwa nimekuja kusomea uuguzi, nikakosana na mkuu wa wodi aliyekuwa akiniita kwa kupiga vidole, nikavua aproni na kuondoka. Maureen alinikuta nimekalia sanduku langu kituo cha basi, mvua inanyesha, akanichukua kama mtu anavyookota glavu na kunipeleka kwao. Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu iliyobanwa katikati ya karakana mbili. Upande mmoja walipiga beji na vifungo vya sare kwa mashine nzito, na upande wa pili walipaka vyuma fedha, kwa hiyo mchana kutwa sakafu ilitetemeka na pazia zilinuka asidi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wote chini ya miaka thelathini, wote tumeokoka, wengi wao wakitokea kwenye bangi na vidonge. Clive alikuwa mlezi wa nyumba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na alivaa kanzu nyeupe aliyoshonewa na mkewe, Hilary, kwa shuka la hospitali. Jina langu, Wakesho, lilimchosha wiki ya kwanza, akanibatiza Ruth.

Nakumbuka meza ya jikoni kuliko chochote. Ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, tundu la kitasa likiwa bado lipo, na mtu akikaa mbele yake uji wake ulimdondokea magotini. Tulikula viazi na kabichi, kesho yake kabichi na viazi. Sala ya chakula ilikuwa ndefu mpaka chakula kinapoa na kushika ukoko wa mafuta juu. Clive alijipakulia wa mwisho, kwa unyenyekevu, na sijui ilikuwaje kila siku kipande kikubwa cha mkate kikawa ndicho kilichobaki. Niliwahi kumwambia Maureen hivyo kwa sauti ya chini, naye akacheka na chai ikamtoka puani, tukaamriwa kufunga chakula siku mbili sote wawili, yeye kwa kucheka na mimi kwa roho ya manung'uniko. Sisemi hakukuwa na raha. Maureen alikuwa akinisuka nywele vibaya sana, mistari imepinda kama reli iliyong'oka, na Jumamosi tuliimba tukiosha ngazi. Lakini raha yenyewe ilikuwa ya kuibia, na sikuchukua muda kulijua hilo.

Sharti la nyumba lilikuwa kwamba kila barua ifunguliwe na Clive kabla ya kumfikia mwenyewe. Alisema dunia hurudi ndani kwa tundu la barua la mlangoni. Wenzangu walipata barua zao baada ya siku moja au mbili, nyingine zimefutwa mistari kwa wino mweusi, na wakashukuru. Zangu hazikuja kabisa. Niliona bahasha ya Kenya mkononi mwa Hilary Novemba, nikaona nyingine baada ya Krismasi, na kila nilipouliza niliambiwa nisubiri imani yangu ikomae. Siku moja nilikuwa stoo ya jikoni nikitafuta kitunguu, mlango umerudishwa, nikawasikia mume na mke wakizungumza. Hilary alisema, "Mpe tu, Clive, ni mama yake." Clive akasema, "Siwezi kupima nisichoweza kusoma." Hilary akasema, "Basi mwambie akutafsirie." Naye akajibu, "Atanitafsiria anachotaka nisikie." Nikasimama mle ndani na kitunguu mkononi mpaka wakatoka. Kosa langu lilikuwa lugha ya mama yangu, aliyekuwa akizungumza kwa Kiswahili na katekista wetu akimwandikia. Kama ningekuwa na mama Mwingereza ningezipata, zikiwa zimefutwafutwa lakini ningezipata. Siku hiyo nilianza kumchukia, na nakiri kwamba nilimchukia kwa bidii kuliko nilivyowahi kusali.

Albamu ilirekodiwa Jumapili za Machi, baada ya ibada, kwa sababu siku za kazi mashine za beji ziligonga mpaka zikasikika kwenye kanda. Tulisimamisha magodoro madirishani. Ngoma ziliwekwa bafuni. Clive alikuwa amechana spika ya gitaa lake kwa wembe ili litoe ule mkwaruzo, na alipiga amefumba macho, vidole vya miguu vimejikunja, huku Hilary akikanyaga kinanda kilichovuja pumzi. Mimi nilipelekwa kwenye stoo ya makaa ya mawe chini ya nyumba kwa sababu ya mwangwi. Walining'iniza kipaza sauti kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakanipa mshumaa, na Clive akaniambia niimbe kwa lugha yangu lolote ambalo Roho atanipa. Ubavuni mwangu makaa, juu ya kichwa changu miguu ya watu kumi. Nilikuwa na njaa, ilikuwa siku yangu ya pili ya kufunga kwa adhabu nyingine. Nikaimba nilichokuwa nacho:

*Mwenye ndevu, mwenye ndevu, nirudishie,*
*barua yangu umeifungia mezani.*
*Mikono umeinua juu, ufunguo uko mfukoni.*
*Mama ananiita, wewe umeziba tundu.*
*Viazi vyako vimenikaa kooni,*
*Mungu wako na akuulize, mwenye ndevu, nirudishie.*

Niliimba dakika tisa. Beti nyingine siwezi kuziandika, wajukuu wangu wanasoma. Kule juu wakashika kiitikio, sauti kumi, kwa furaha, *mwenye ndevu, mwenye ndevu*, na gitaa likapanda kama mbwa anayeulilia mwezi. Nilipomaliza Clive alishuka ngazi mbio, akanikumbatia, kanzu yake ikajaa vumbi la makaa, akaniambia kwamba Roho amepita kati yetu. Nilikuwa nimemtukana mtu masikioni mwake na akanishukuru, na hapo nikajua kuwa ningeweza kupiga kelele katika nyumba ile mpaka koo lipasuke na nisisikike.

Majalada tulichapa wenyewe kwa mchoro uliochongwa kwenye linoliamu, lile zulia gumu la sakafuni, jua lenye macho, tukayaanika jikoni kwa vibanio vya nguo, wino ukidondokea viazi. Jioni hiyo Clive alituketisha mezani akatuapisha kwamba hakuna jina la binadamu litakaloandikwa kwenye kazi hii, sifa zote ni kwa Mungu. Sote tuliinua mikono. Mimi niliitimiza ahadi ile, hata nilipoacha kanisa, hata Peter wangu alipokuja na simu yake siku moja akanionyesha watu wa nchi za mbali wakibishana dada Mwafrika alikuwa nani. Sikusema neno. Kumbe wa kuapishwa tulikuwa sisi tu.

Juni, siku ya kazi, mashine zikigonga, Maureen aliingia chumbani mwetu na kile kisu cha kuchongea majalada. Alikuwa amevunja nacho droo ya Clive. Akaniwekea barua mapajani, sita, zimefungwa kwa uzi, akaketi mlangoni ili mtu asiingie. Nilizisoma kwa mpangilio wa mihuri. Mbili za kwanza zilikuwa salamu, mvua, nani kaolewa. Ya tatu na ya nne mama aliuliza mbona kimya. Ya tano ilisema tumbo linamsumbua kidogo. Ya sita haikuwa yake, ilitoka kwa mjomba, na ilisema mama amefariki mwisho wa Mei, wamemzika, na kwamba aliniulizia. Maureen hakujua kusoma hata neno moja lakini alisoma uso wangu. Alinifungia sanduku, akanishika mkono, tukapita katikati ya jikoni wakati Clive anaombea kabichi. Aliniita, "Ruth." Sikugeuka. Maureen naye aliwahama kabla ya baridi kuingia, na tukawa marafiki mpaka saratani ilipomchukua. Maneno ya wimbo nilimtafsiria miaka mingi baadaye, jikoni kwangu, akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akalia. Yeye ndiye aliyeandika kwa mkono wake kwamba upigwe siku ya kuzikwa kwake, wauimbe wote. Mwanamke yule alikuwa na hila za mapenzi.

Kwa miaka arobaini na mitano nilimpunguzia Clive kitu kimoja. Nilijiambia hakujua. Alifungia karatasi asizoweza kuzisoma, na mle ndani mama yangu anaugua, lakini yeye hakuwa na habari. Kiburi na ujinga, basi. Chuki yangu niliipima kwa kiasi hicho nikaizoea, na ilinitosha.

Walikuja Newtown Alhamisi alasiri. Lifti ilikuwa inafanya kazi, kwa bahati yao, maana naishi ghorofa ya tisa. Clive alikuwa na miaka sabini na mitano, mkongojo, na sanduku la kadibodi ambalo Ollie alimbebea. Hodan alikuwa ameshafika na sambusa zake na birika la chai ya hiliki. Nilikuwa nimemwambia hana haja ya kuja, akanijibu, "Mama Peter, siezi kumiss hii. Na usisign kitu kabla mimi niread." Alimpa Ollie sambusa. Clive hakupewa.

Nikawasomea wimbo wangu mstari kwa mstari, kwa Kiingereza. Ollie aliandika haraka, macho yamemtoka. "Hii ni bora zaidi," akasema, "hii ni bora mara kumi. Watu watapagawa." Nikamwambia anyamaze kwanza. Nilikuwa nikimtazama Clive. Nilitarajia akane, au aseme Roho alinitumia bila mimi kujua. Hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu lile tabasamu lake la mlezi wa nyumba, akanyoosha mkono juu ya meza yangu.

"Nimejua siku zote, Ruth," akasema. "Na tulikusamehe siku ileile."

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Mlijua nini?"

"Maneno. Kabla ya kupeleka kanda kiwandani nilimpelekea mmisionari mmoja mzee, alikuwa amekaa Kenya miaka mingi. Nilitaka kuhakikisha hakuna uzushi. Akanitafsiria yote." Akafungua sanduku, akapekua picha na makaratasi, akatoa karatasi moja iliyokunjwa katikati, imeandikwa kwa penseli. Akailaza mezani mbele ya Ollie upande uliokuwa juu. Ulikuwa wimbo wangu kweli, kwa Kiingereza safi cha mtu aliyeijua lugha, hadi viazi. "Unaona?" akasema. "Uliniita mnafiki, nami nikauacha wimbo kwenye albamu. Sikuona haja ya kukuaibisha. Ndiyo maana kwenye kijitabu nikaandika maneno mengine."

Alikuwa akinipa ukarimu. Alikuwa amengoja miaka arobaini na mitano anipe ukarimu ule, na nadhani alitarajia nimshukuru.

Hodan ndiye aliyeivuta ile karatasi. "Excuse me," akasema, akaikunjua na kuigeuza. Upande wa pili ulikuwa na maandishi pia, penseli ileile, na nyuma yake pini yenye kutu ilishika barua ya buluu, zile za ndege zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Stempu ya Kenya. Hodan alisoma kimya, kisha akaacha kutafuna. "Mama Peter," akasema, "hii iko na jina yako."

Ulikuwa mwandiko wa katekista wetu. Barua ya mwanzo wa Aprili. *Mwanangu Wakesho, nimelazwa hospitali, sijui kama nitatoka. Kama nilikukosea neno ulipoondoka niambie, hata kwa mistari miwili, nikiwa bado naweza kusomewa.* Kwenye karatasi ya penseli yule mmisionari alikuwa ameitafsiri yote, na chini kabisa akaandika kwamba ni Ijumaa Kuu, na kwamba msichana huyu aambiwe mara moja.

Barua kutoka Birmingham ilichukua siku kumi kufika kwetu. Kutoka Ijumaa Kuu hadi mama kufariki zilikuwa wiki tano.

"Tulimwombea," Clive akasema. Sauti ilikuwa imeanza kumpotea. "Mimi na Hilary. Kila asubuhi tulimwombea mama yako kwa jina."

"Mbona hukuniambia?"

Alitazama dirisha. Ollie, kwa mara ya kwanza, aliweka kalamu chini.

"Ungeondoka," akasema.

Nimewahi kufikiria ningefanya nini siku nikimpata mtu huyu mikononi. Nilidhani ningepiga kelele. Nilisikia baridi tu, na kichwa kimetulia. Niliitoa pini, nikaikunja barua ya mama nikaitia kifuani ndani ya blauzi. Ollie akauliza, kwa upole wa kweli, kama angeweza kuipiga picha kwanza, ni kumbukumbu muhimu mno. Nikamwambia hiyo si ya albamu, na akiuliza tena atashuka kwa ngazi. Lakini ile karatasi ya penseli nikamsukumia. Nikamwambia masharti yangu ndiyo haya. Ataichapa nzima kwenye kijitabu, pande zote mbili, na maneno ya yule mmisionari chini yasipungue hata moja. Juu yake ataandika: *Maneno: Wakesho.* Na chini ataandika nani alipewa karatasi hii, na lini. Bila hivyo hakuna sahihi, na wimbo wangu uondolewe kwenye albamu.

"Nitafanya," Ollie akasema. Alimtazama Clive, kisha akasema tena, "Nitafanya."

Clive alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono yote miwili. Ndevu zake zilikuwa na makombo ya sambusa, kumbe alijichukulia mwenyewe tulipokuwa tunasoma. Hakuomba msamaha, hata wakati huo. "Ruth," akasema, "Hilary amekufa, mimi nimebaki na wajukuu. Watakisoma kijitabu hicho."

"Wacha wasome," nikamwambia. "Mimi nami nilitaka kusoma."